Mezani hali mboga, kwenye kazi za mikono anazitafuna zote. Nini kinaendelea?

#1 SindanoNaSufuria
Wakuu, habari zenu. Wenye watoto wadogo naomba mpite hapa.

Kwetu hatuli nyama wala samaki. Mayai na maziwa yapo. Mtoto katimiza miaka miwili na ushee, meno anayo, afya njema. Mimi muda mwingi niko na kazi za mikono, kroshia na kudarizi, naye nimemtengea meza yake fupi pembeni yangu. Mchezo anaoupenda kuliko yote ni mihuri ya mboga: nakata bamia katikati, namwekea kisahani cha maji ya bitiruti niliyoyachemsha mpaka yakawa mazito, anachovya, anagonga kwenye karatasi. Bamia ukiikata kwa kisu kikali inatoa nyota ya pembe tano yenye matundu ya mbegu, inapendeza hadi mimi mwenyewe nagonga. Hoho inatoa ua. Karoti inatoa duara tu, ila anaipenda.

Sasa kinachonishangaza. Akishagonga kidogo anaanza kula mihuri. Bamia mbichi, na ule utelezi wake wote, inashuka. Hoho inashuka. Mboga hizohizo zikija mezani wakati wa chakula anageuza shingo. Njegere anazichambua kwenye wali moja moja na kuzipanga ukingoni mwa sahani kama karani anayehesabu mzigo.

Msimamo wangu: ladha haihusiki hapa. Kinachomkera ni meza ya chakula yenyewe. Nani anabisha?

#2 MlaMajani
Nabisha. Meza haina kosa, saa ndiyo yenye kosa. Mihuri mnagonga saa ngapi? Nakisia ni katikati ya asubuhi, njaa imeshaanza kuuma. Anakula mihuri, anashiba, mchana unamletea sahani halafu unashangaa. Na hujasema chochote kuhusu maziwa. Mtoto anayeshinda na kikombe cha maziwa mkononi njaa ya mboga ataitoa wapi?

#3 BibiWaWawili
Mwanangu, wakati wa chakula wewe unafanya nini? Unamwangalia mdomoni. Wakati wa mchezo unaangalia sindano yako. Ndiyo hiyo tofauti. Mtoto wa miaka miwili ndiyo kwanza kagundua kwamba ana neno "hapana" na kwamba linafanya kazi. Ukimkodolea macho atalitumia. Wajukuu zangu wote wawili walipita hapo. Kula chakula chako, piga soga na mwenzio, yeye muache.

#4 Kijiko_Kimoja
Kwa hiyo dawa ni kuwa mzazi asiyejali? Mbona mimi nimefuzu zamani 😂

#5 MsomaMajarida
Mleta uzi, ulichokiona kimeshafanyiwa utafiti. Mwaka 2017 jarida la *Appetite* lilichapisha jaribio la watoto wa shule ya awali nchini Uingereza. Kundi moja lilichezea matunda na mboga halisi kwa mikono, la pili lilichezea vitu vingine visivyo chakula, la tatu liliziona tu mboga bila kuzigusa. Walipokaribishwa kuonja baadaye, waliochezea mboga ndio walionja aina nyingi zaidi. Maelezo yao ni kwamba mkono ukishazoea utelezi na unyevu, mdomo unapungukiwa na hofu.

Kwa hiyo siyo meza, siyo saa, siyo macho ya mama. Ni mikono.

#6 MlaMajani
@MsomaMajarida hapo umeruka. Hao walionja baada ya kuchezea. Huyu wa mleta uzi anachezea kila siku na mezani bado hali. Kama mikono ndiyo dawa, mbona haifiki mchana?

#7 MsomaMajarida
Swali zuri. Labda kwa sababu mezani mboga imebadilika sura. Imepikwa, imelainika, imechanganywa na mchuzi. Kwake ile si bamia anayoifahamu.

#8 FundiNyuzi
Hapa ndipo nilipo. Wazazi tunaopika mboga tupu tuna tabia ya kuchanganya. Dengu ndani ya karoti ndani ya nyanya ndani ya kitunguu, kijiko kimoja kina vitu sita. Kwa mtu mzima ndiyo utamu wenyewe. Kwa mtoto kila kijiko ni bahati nasibu: hiki laini, hiki kina uzi, hiki kina ganda. Muhuri wa hoho ni hoho tu, kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Kwetu nilianza kuweka kila kitu peke yake kwenye sahani. Dengu huku, karoti huku, wali kule, mchuzi kwenye kikombe chake. Mambo yalitulia. Hayakuisha, yalitulia.

#9 ChumviKidogo
Kuna na harufu. Kabichi na wenzake wa ukoo ule, brokoli na koliflawa, ukivichemsha muda mrefu vinatoa harufu ya salfa na inazidi kadiri unavyoendelea kuchemsha. Pua ya mtoto haidanganyiki. Vikate vidogo, pakaza mafuta, tia kwenye oveni au kikaango kikavu mpaka kingo ziwe kahawia, mpe avishike mkononi. Mleta uzi unapikaje mboga zako?

#10 SindanoNaSufuria
Asanteni. Najibu kwa pamoja.

@MlaMajani ni kweli mihuri ni kabla ya mchana. Maziwa anakunywa asubuhi na usiku, mchana hapana.
@BibiWaWawili shikamoo bibi. Namwangalia, sikatai, ila baba yake hamwangalii kabisa na matokeo ni yaleyale.
@ChumviKidogo bamia naikaanga na nyanya, karoti naitia kwenye dengu. Kabichi nachemsha kidogo sana.

#11 BibiWaWawili
Marahaba. Baba hamwangalii kwa sababu anaangalia simu, na mtoto anajua.

#12 Kijiko_Kimoja
Bibi amepiga msumari kichwani na nyundo ikamwangukia baba.

#13 MhudumuWaZamu
Samahani kuingilia. Mimi niko kwenye mambo ya afya ya watoto, niongeze tahadhari kabla watu hawajaanza kuiga.

Karoti mbichi ngumu kwa mtoto wa miaka miwili ni hatari ya kukabwa, hasa kipande cha duara au kipande kinene anachong'ata akiwa anacheza na kucheka. Muhuri wa kugongea uwe mkubwa, na akianza kutafuna mbadilishie karoti iliyopikwa kwa mvuke mpaka inabonyea kwa vidole. Njegere zibonyeze kidogo. Zabibu zikatwe kwa urefu mara nne. Karanga nzima na jamaa zake zisubiri, nchi nyingi zinashauri mpaka miaka minne au mitano. Na akae. Mtoto anayekula huku anakimbia ndiye anayetuletea kazi.

#14 Gundi_na_Mkasi
Sisi huwa tunabandika maharage kwenye karatasi kwa gundi, yale mekundu makubwa, tunatengeneza picha za samaki na jua. Wangu naye anapenda kuyatia mdomoni, nilidhani ni dalili nzuri kwamba ataja kuyapenda 😀

#15 MhudumuWaZamu
@Gundi_na_Mkasi ondoa hayo mekundu leo. Yakiwa mabichi yana lektini nyingi sana, yaani sumu ya asili ya punje. Punje nne au tano tu zinaweza kumtapisha na kumharisha mtu mzima, achilia mbali mtoto. Na kabla ya sumu, punje kavu inaweza kumkaba, au akaitia puani ikavimba.

Kwenye kupika: loweka angalau saa 5, maji yale mwaga, weka mapya, chemsha kweli kweli. Dakika 10 za kuchemka kwa nguvu ndicho kiwango cha chini, mamlaka ya chakula ya Marekani inapendekeza 30. Zile sufuria za umeme zinazopika taratibu kutwa nzima usizitumie kwa maharage mekundu ambayo hayajachemshwa kwanza, kwa sababu joto la chini linaweza hata kuizidisha ile sumu.

#16 Gundi_na_Mkasi
Yameondoka. Asante sana. Tubandike nini sasa?

#17 FundiNyuzi
Vipande vya kitambaa, mabaki ya uzi mfupi, majani makavu mapana, vipande vya maboksi. Kipimo changu ni kopo la ndani la karatasi ya chooni, lile boksi la duara. Kitu kikipita humo hakikai kwenye meza ya mtoto.

#18 MsomaMajarida
Kipimo rasmi cha Marekani kwa vitu vya watoto chini ya miaka mitatu ni silinda yenye kipenyo cha milimita 31.7. Boksi la karatasi ya chooni ni pana kuliko hapo, kwa hiyo ukilitumia unakuwa mkali zaidi ya sheria. Siyo vibaya.

#19 Msimamizi
Uzi umehamishwa kutoka Jikoni kwenda Malezi.

#20 ChumviKidogo
Urudishwe Jikoni. Tulikuwa tunaongea oveni.

#21 Kijiko_Kimoja
Upelekwe Mahakamani, mtoto ajitetee mwenyewe.

#22 TunguleMbivu
Nimesoma wote, hakuna aliyeuliza la maana. Mleta uzi, mtoto anakula vitu vingine kwenye meza ya mchezo visivyo chakula? Unga wa kuchezea? Karatasi? Udongo wa kwenye vyungu vya maua?

#23 SindanoNaSufuria
Unga wa kuchezea analamba, ndiyo. Namtengenezea mwenyewe: kikombe cha unga wa ngano, nusu kikombe cha chumvi, mafuta kidogo na maji ya moto. Udongo hapana. Karatasi anaila pembe tu.

#24 TunguleMbivu
Basi jibu lako hilo. Mtoto anayetafuta tafuta vya kutafuna, unga, karatasi, udongo, apimwe damu. Upungufu wa madini ya chuma unaendana sana na hamu ya kula visivyo chakula. Na ninyi hamli nyama. Mnajadili saikolojia ya meza wakati mwili unalia.

#25 BibiWaWawili
Mtoto wa miaka miwili asiyelamba vitu ndiye wa kupimwa.

#26 MhudumuWaZamu
Wote wawili mna kipande cha ukweli. Kulamba lamba kwa umri huu ni kawaida. Inayotutia wasiwasi ni hamu ya kudumu, anayefuata udongo au karatasi na kuimaliza, hasa akiwa mchovu au amepauka. Kupima si dhambi lakini bamia mbichi na hoho si "visivyo chakula", tusimfanye mgonjwa kwa kula mboga.

Huo unga wa kuchezea nao tuuangalie. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu Uingereza wanashauri asizidishe gramu 2 za chumvi kwa siku, yaani kama theluthi ya kijiko cha chai. Nusu kikombe iko kwenye donge moja. Kulamba hakutamuua, ila asimege na kumeza.

#27 FundiNyuzi
Na pengine hiyo chumvi ndiyo inamvuta. Si chuma wala meza. Unga una chumvi kuliko chakula chake chote.

(Mnajua Play-Doh, ule unga wa kuchezea wa dukani, ilianza kama kitu cha kusafishia karatasi za ukutani? Masizi ya makaa yalipopungua majumbani biashara ikafifia, mwaka 1956 wakaanza kuiuza kama ya kuchezea. Nimeona niseme tu.)

#28 MlaMajani
@FundiNyuzi chumvi inaelezea unga, haielezei bamia. Bamia mbichi ina chumvi gani?

#29 Nyumba_ya_Majani
@TunguleMbivu hiyo ya "hamli nyama" imechakaa. Mchicha na spinachi vimejaa chuma, na hatuli hata mayai huku kwetu, watoto wanaruka kamba. Chama cha wataalamu wa lishe cha Marekani kilishasema mwaka 2016 kwamba mlo wa mimea uliopangwa vizuri unafaa umri wote, hata wachanga.

#30 TunguleMbivu
Spinachi imejaa chuma? Hujasikia kwamba kuna mtu alikosea nukta ya desimali karne ya 19, ikaonekana ina mara kumi?

#31 MsomaMajarida
Nyote wawili subirini.

Hadithi ya nukta iliyokosewa nayo ni hadithi tu. Mtafiti mmoja aliifuatilia mwaka 2010 hakukuta ushahidi wa kosa hilo popote. Spinachi kweli ina chuma, shida ni kwamba kinanyonywa kidogo kwa sababu ya vitu vingine vilivyomo kwenye jani lenyewe.

Tamko la 2016 lipo kama alivyosema @Nyumba_ya_Majani. Lakini chama hichohicho kilitoa tamko jipya 2025, na hilo linahusu watu wazima tu, watoto hawamo. Halijasema haufai, limewaacha nje. Usilitumie la zamani kama rungu.

#32 Nyumba_ya_Majani
Sikulitumia kama rungu. Nimelinukuu.

#33 MhudumuWaZamu
Hesabu rahisi kwa mleta uzi. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu kiwango cha Marekani ni miligramu 7 za chuma kwa siku, na wanasema wasiokula nyama walenge mara 1.8 kwa sababu chuma cha mimea hakinyonywi kirahisi. Nusu kikombe cha dengu zilizopikwa kina kama miligramu 3. Kwa hiyo dengu ni rafiki yako kuliko spinachi.

Vitamini C kwenye mlo huohuo inasaidia sana kukinyonya: nyanya, chungwa, hoho. Hoho mbichi hasa. Chai inazuia, usimpe na chakula. Maziwa mengi nayo yanazuia na yanamjaza tumbo, hapo #2 yuko sahihi. Kuloweka dengu na maharage na kumwaga maji kunapunguza fitati zinazokishikilia chuma.

@Nyumba_ya_Majani kwenu bila mayai wala maziwa, vitamini B12 mnaipata wapi?

#34 Nyumba_ya_Majani
Matone. Kila siku. Siyo mara ya kwanza kuulizwa.

#35 MhudumuWaZamu
Safi. Nauliza kila mtu.

#36 SindanoNaSufuria
Hapo kwenye hoho umenifikirisha. Kumbe anapotafuna muhuri wa hoho kabla ya mchana anajiwekea vitamini C, halafu dengu zinafuata? Mwili wake unajua kuliko mimi?

#37 TunguleMbivu
Huo utakuwa mwujiza.

#38 DengueHapana
Si mwujiza. Kuna daktari wa Marekani, Clara Davis, miaka ya 1920 na 1930 aliwalisha watoto walioachishwa ziwa kwa kuwawekea vyakula zaidi ya 30 mbele yao na kuwaacha wachague wenyewe. Yaya haruhusiwi kuwasukuma. Walichagua kwa fujo, leo mayai tupu, kesho ndizi tupu, lakini wakakua vizuri. Mmoja aliyekuwa na matege alikunywa mafuta ya ini la samaki kwa hiari yake mpaka akapona. Mwachie mtoto, mwili una akili.

#39 MlaMajani
Jina lako nimelipenda, lakini hadithi umeikata mkia. Kwenye ile meza hakukuwa na sukari, biskuti, wala chochote cha kiwandani. Kila kilichokuwepo kilikuwa chakula safi, hata angechagua amefumba macho. Davis mwenyewe aliandika mwaka 1939 kwamba ujanja ulikuwa kwenye orodha ya vyakula. Weka biskuti pale katikati uone akili ya mwili.

#40 DengueHapana
Sijasema biskuti. Mleta uzi ameweka hoho na bamia kwenye meza ya mchezo. Hiyo ndiyo orodha yake. Mchana anaweka mchanganyiko wa dengu na wali, mtoto anachagua wali. Hakuna fumbo.

#41 FundiNyuzi
Huyu amesema kitu. Kwenye meza ya mihuri hakuna wali wa kushindana na bamia.

#42 Gundi_na_Mkasi
Sisi tuliwahi kutumia stika. Anaonja mboga, anabandika stika kwenye karatasi ukutani. Ilifanya kazi vizuri mpaka alipoanza kutaka stika kwa kupiga mswaki, kuvaa viatu, kupumua.

#43 BibiWaWawili
Ukimlipa mtu kwa kula anajua chakula ni kazi.

#44 MsomaMajarida
Bibi ana watafiti upande wake. Majaribio ya miaka ya 1980 yalionyesha watoto waliozawadiwa kwa kunywa kinywaji fulani walikipenda kidogo zaidi baadaye. Ila Gundi naye ana wake: jaribio la Uingereza la 2011, stika kwa kuonja kipande kidogo tu cha mboga ziliwasaidia watoto wa miaka minne hadi sita kuipenda. Tofauti ninayoiona mimi ni kati ya "onja kidogo upate stika" na "maliza sahani upate pipi". Hayo si mambo mamoja.

#45 Kijiko_Kimoja
Kama zinalipwa stika naomba namba ya maombi.

#46 ChumviKidogo
Mbona hakuna anayetaja urithi? Mleta uzi, wewe na baba mtoto mlikuwa wagumu wa kula utotoni? Nakumbuka utafiti wa mapacha uliosema kuogopa vyakula vipya ni asilimia 78 ya kurithi.

#47 MsomaMajarida
Upo, wa 2007, ila mapacha walikuwa na miaka 8 hadi 11. Na asilimia hiyo inaeleza tofauti kati ya watoto kwenye kundi lile, siyo kwamba asilimia 78 ya tabia ya mtoto fulani imetoka kwa baba yake.

#48 BibiWaWawili
Imetoka kwa baba.

#49 SindanoNaSufuria
Mrejesho kidogo, maana wengi mliniambia nijaribu. Nilichukua chakula cha mchana nikakihamishia kwenye meza ya mihuri, kila kitu peke yake kama alivyosema @FundiNyuzi, karoti ya mvuke, hoho mbichi, dengu nzito, wali. Sikumwangalia, nilishika kroshia yangu.

Hoho ilikwenda. Karoti ilikwenda, akaigonga kwanza kwenye dengu. Dengu alizila zilizobaki kwenye karoti tu. Nikasema nimeshinda, hoja yangu ya meza imethibitika. Baba yake akapita akamletea kijiko ili asijichafue. Mtoto akakiangalia kijiko, akasukuma sahani, ikawa mwisho.

Kwa hiyo sasa nasema ni kijiko.

#50 MlaMajani
Umebadilisha vitu vinne kwa mpigo: meza, mpangilio, macho, kijiko. Halafu unachagua kimoja. Na alikuwa na njaa?

#51 SindanoNaSufuria
Alikuwa na njaa. Mihuri hatukugonga asubuhi ile.

#52 MlaMajani
Vitano basi. Asante, nimemaliza.

#53 DengueHapana
Kijiko kinaingia akilini. Kwenye mchezo yeye ndiye anayeshika. Kwenye chakula anashikwa mdomo. Mpe dengu nzito za kuchota kwa mkono, au zikande na viazi vilivyopondwa uzitengeneze vidonge, paka mafuta, choma kwenye kikaango. Anashika, anachovya kwenye nyanya iliyosagwa. Uchafu utafua.

#54 Nyumba_ya_Majani
Sisi vidonge hivyo tunatia binzari ya manjano. Nzuri sana. Ila usimvalishe nguo nyeupe.

#55 Gundi_na_Mkasi
Binzari!! Nguo ya mtoto yenye doa la njano, nikaipaka sabuni, doa likageuka jekundu. Nilidhani kuna damu.

#56 FundiNyuzi
Ni kawaida yake. Rangi ya binzari ikikutana na kitu cha magadi kama sabuni inaelekea kwenye wekundu. Suuza, tia siki kidogo, inarudi njano. Halafu anika juani ikiwa na unyevu. Rangi ile haistahimili jua kabisa, siku mbili tatu za jua kali inabaki kivuli. Ndiyo maana watu wanaotia nyuzi rangi kwa binzari wanalia baadaye, blanketi linapauka upande wa dirishani.

#57 SindanoNaSufuria
Kwa kuwa umefika hapo: nataka kumfumia mboga za uzi, karoti, bamia, njegere kwenye ganda lake, awe anacheza nazo bila hatari. Uzi wa pamba, natia rangi mwenyewe za jikoni. Bitiruti itashika?

#58 TunguleMbivu
Sasa atajifunza kutafuna pamba.

#59 FundiNyuzi
Bitiruti itakupa waridi zuri sana siku ya kwanza, ukifua mara chache linabaki la uchafu. Usipoteze muda wako. Maganda ya vitunguu ndiyo kiboko: yale makavu ya nje, jaza sufuria, chemsha saa moja, chuja. Uzi wako uloweke kwanza kwenye maji yenye shabu, ile ya kusafishia maji, ndiyo inayoshikisha rangi. Unapata chungwa la karoti au dhahabu iliyokolea, na inavumilia kufuliwa. Pamba inanyonya taratibu kuliko sufu, iache ilale usiku kucha ndani. Sufuria hiyo usiipikie tena.

Kwenye njegere za uzi: usizitengeneze moja moja za kutoka. Zifume zimeungana na ganda. Kama unaweka macho kwenye karoti, yadarizi kwa uzi. Yale ya plastiki wanayaita ya usalama, lakini kroshia ikilegea na mtoto akivuta, jicho linatoka lote. Fuma kwa sindano ndogo kuliko inavyosema lebo ya uzi ili matundu yabane, la sivyo ujazo utachungulia nje na atauvuta.

#60 Gundi_na_Mkasi
Kijani cha bamia atatoa wapi?

#61 FundiNyuzi
Kijani cha jikoni ni kigumu. Majani yanadanganya, yanatoa njano ya kufifia. Anunue uzi wa kijani uliokwisha tiwa rangi kiwandani, hakuna atakayemkamata.

#62 MhudumuWaZamu
Na uzi wenye shabu usuuzwe mara nyingi kabla ya kufuma, maana tunajua utaishia wapi.

#63 Kijiko_Kimoja
Mdomoni. Wakati wa chakula ataupanga ukingoni mwa sahani.

#64 ChumviKidogo
@DengueHapana rudi kwenye vidonge vya dengu. Vyangu vinavunjika kikaangoni. Unashikisha na nini kama hutaki mayai?

#65 DengueHapana
Dengu zako zina maji. Zikishaiva zichuje, zirudishe kwenye sufuria kavu, moto mdogo, koroga mpaka zianze kushika chini. Ponda, tia viazi na kijiko cha unga wa dengu, acha zipoe kabisa kabla ya kufinyanga. Ukifinyanga zikiwa za moto zitavunjika hata utie nini.